Leteni Mofini Kwanza, Kisha Tuzungumze Kuhusu Kufa: Barua ya Wazi Kutoka Tukuyu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Kwa Mheshimiwa Waziri wa Katiba na Sheria,
Nakala kwa Tume ya Kurekebisha Sheria Tanzania,
Dodoma.

Waheshimiwa,

Mnaonizidi umri, shikamooni. Mlio rika la wanangu, hamjambo.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimekaa wodini miaka 34, nikaanzia upande wa Makete, nikapitia Iringa, nikamalizia hapa kwetu Rungwe. Siku hizi nina migomba na miparachichi nyuma ya nyumba, na simu isiyokaa kimya, maana kijijini mtu wa hospitali hastaafu. Mgonjwa akizidiwa usiku naitwa mimi kwanza, bodaboda baadaye.

Nawaandikia kuhusu mgonjwa ambaye hatapona, anajua hatapona, na anaomba asaidiwe kufa. Najua jambo hili halisemwi kwa sauti. Hata Kiswahili chetu kinalizunguka: tunasema apumzike, aitwe, safari yake imekaribia, tunamngoja. Wapo wanaoliita kifo cha huruma. Mimi jina hilo silipendi, kwa kuwa linamtukuza anayetoa huruma na kumsahau aliyelala kitandani. Nitasema tu kusaidiwa kufa. Na naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjanipa jina.

Mwaka 2017 baba yangu mdogo alianza kukwamwa na chakula. Kwanza nyama, halafu ndizi, halafu uji. Sisi tuliofanya kazi ukanda huu, mtu mzima akituwekea kidole hapa juu ya kifua na kusema chakula hakishuki, huwa tunajikaza sura tu, kipimo kinakuja kuthibitisha. Saratani ya umio inatuandama watu wa mashariki na kusini mwa Afrika, na Nyanda za Juu Kusini tumo ndani ya njia yake. Alipopimwa ilikuwa imeshasambaa. Daktari, kijana mwenye adabu zake, alitutoa nje ya chumba akatuambia ile sentensi ambayo sidhani kama kuna ukoo Tanzania haujaisikia: "Mpelekeni nyumbani mkamuuguze."

Nimewahi kuisema sentensi hiyo mimi mwenyewe, nikiwa na sare nyeupe, mara ambazo siwezi kuzihesabu. Nilidhani ni sentensi ya upole. Nilipoambiwa mimi ndipo nilipoisikia vizuri. Inamaanisha sisi tumemaliza, ninyi anzeni. Tukapewa parasetamo katika bahasha ya kaki, tukamlaza kiti cha nyuma cha gari la kukodi, tukarudi.

Tulimweka chumba kinachopakana na jiko ili apate joto, kwa sababu Juni ya Tukuyu si ya mchezo, ukungu unaingia mpaka chini ya blanketi. Maumivu yalikuwa yakimwanza saa nane usiku. Mwanzoni alikuwa akiguna. Baadaye akawa anagonga ubao wa kitanda kwa pete yake ya ndoa, taratibu, kama mtu anayebisha hodi nyumba ambayo haina mtu. Mama mdogo alikuwa akimpa maji kwa kijiko cha chai, na kijiko kikirudi kimejaa. Usiku mmoja tulipobaki wawili aliniambia, "Mwanangu, umechoma watu sindano maisha yako yote. Yangu iko wapi?"

Nilijifanya sikuelewa. Aliona kwamba nimeelewa.

Kesho yake nilimpigia mwenzangu niliyesoma naye chuo, akaniambia kuna mofini ya maji, ya kunywa, na kwamba naweza kuipata Mbeya mjini. Kutoka Tukuyu ni kama kilometa 70, milima na kona. Nilirudi jioni na chupa moja ya plastiki nimeifunga kwenye kitenge kama mtoto mchanga. Tukaanza: kila baada ya saa nne, na ya kulalia mara mbili yake ili asiamke katikati. Mama mdogo, ambaye hakupita darasa la pili, alijifunza kupima kwa bomba la sindano lisilo na sindano baada ya kuonyeshwa mara moja tu. Kwenye kalenda ya kanisa ukutani akawa anaweka alama ya mkaa kila anapompa.

Usiku wa kwanza alinigongea saa kumi na moja alfajiri analia, "Amekufa." Nilikimbia bila viatu. Baba mdogo alikuwa anakoroma. Hatukuwa tumemsikia akikoroma tangu mwezi wa tatu.

Asubuhi aliponiona alisema, "Ndaga fijo," yaani asante sana kwa Kinyakyusa, halafu akaomba redio. Kwa wiki tatu hakuitaja tena sindano. Alitaja deni la mbolea. Alitaja mpaka wa shamba na jirani, akataka uonyeshwe mbele ya mashahidi. Alimwita mwanawe wa Tunduma, ambaye walikuwa hawasemezani miaka sita, wakafungiana humo chumbani mchana kutwa, na kijana alipotoka macho yalikuwa mekundu lakini uso umetulia. Ugonjwa ulikuwa uleule. Uvimbe haukupungua hata punje. Kilichoondoka ni yale maumivu, na yalipoondoka, ombi la kufa liliondoka nayo.

Chupa ikaisha. Nilipokwenda kuchukua nyingine niliambiwa dawa haipo, njoo wiki ijayo. Simlaumu aliyekuwa dirishani. Rafu ilikuwa tupu nyuma yake, niliiona kwa macho yangu. Wiki ijayo ilipofika baba mdogo alikuwa ameshazikwa. Siku zake tano za mwisho aliniomba tena, na safari hii hakuzunguka maneno.

Mwaka huohuo, 2017, tume ya wataalamu iliyoundwa na jarida la kitabibu la The Lancet ilitoa ripoti kuhusu maumivu duniani. Walihesabu dawa zote za jamii ya mofini zinazosambazwa duniani kwa mwaka, wakapata tani 298.5. Zilizokwenda nchi za kipato cha chini, kundi ambalo Tanzania ilikuwemo wakati huo, zilikuwa tani 0.1. Niliposoma takwimu hiyo niliiona chupa yangu ya kwenye kitenge. Ilikuwa sehemu ya huo moja wa kumi, ikigawanywa kwa nchi zote maskini.

Na msiniambie ni gharama. Mofini ya kunywa ni unga unaochanganywa na maji. Haina hati miliki ya kampuni yoyote, na ilikuwepo kabla ya babu zetu kuzaliwa. Majirani zetu Uganda waliliona hilo zamani. Daktari Anne Merriman alianzisha huduma yake Kampala mwaka 1993, na leo serikali yao inawapa wagonjwa mofini bila malipo. Kubwa zaidi, tangu 2004 Uganda wanawaruhusu wauguzi na maofisa tabibu waliosomea tiba shufaa, yaani kumtunza na kumtuliza mgonjwa asiyetarajiwa kupona, kuandika mofini wenyewe. Walijiuliza swali rahisi: huko kijijini daktari yuko wapi? Sisi nasi tunajua jibu la swali hilo.

Sasa nije kwenye sheria, maana barua hii ina mawaziri wawili.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 216, inasema anayemsaidia mwingine kujiua anaweza kufungwa maisha. Kifungu cha 217 kinamfanya aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Nyuma kidogo ya hapo, kifungu cha 203 kinasema anayeharakisha kifo cha mtu ambaye tayari ana ugonjwa wa kumuua, kwa kutenda au kwa kuacha kutenda, anahesabiwa amekisababisha. Hayo maneno ya kuacha kutenda niliyasoma mara mbili, nikaifikiria ile rafu.

Ninyi mnasoma vifungu hivyo ofisini. Sisi tunavisoma saa tisa usiku tukiwa na chupa mkononi. Nimewaona wauguzi wazuri, watu wenye utu, wakipunguza dozi ya mgonjwa anayelia kwa kuogopa kwamba akifa zamu yao wataulizwa. Nimesikia ndugu wakinong'ona, "Wakishampa hiyo, basi ameisha." Kwa hiyo dawa inachelewa hadi saa za mwisho, mgonjwa anakufa saa chache baada ya kuinywa, na uvumi unapata ushahidi wake. Ilhali mofini ikipandishwa taratibu kulingana na maumivu, haiui. Baba mdogo aliinywa wiki tatu, na alikufa ilipokosekana.

Katika hili hata viongozi wa dini hawana ugomvi na daktari. Mimi ni Mmoravian, wa udongo ambao wamisionari waliufikia mwaka 1891, lakini nimefanya kazi na masista miaka mingi na ninajua kwao lilishajibiwa. Papa Pius wa 12 aliwaambia madaktari mwaka 1957 kwamba inaruhusiwa kumtuliza mgonjwa maumivu hata kama dawa hiyo inaweza kumfupishia siku, ikiwa nia ni kutuliza na hakuna njia nyingine. Sheria yetu haijawahi kumwambia muuguzi sentensi iliyo wazi namna hiyo. Mwandikieni. Hilo halihitaji mjadala wa taifa.

Ningeweza kuishia hapa, na pengine wengi mngepumua. Mngesema mama huyu anataka dawa tu, na dawa ni jambo la bajeti. Na kwa miaka mingi hata mimi niliamini hivyo: mpe mtu mofini, mkalie karibu, hataomba kufa. Alikuwepo mwalimu mmoja aliyenivua imani hiyo.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mama wa miaka hamsini na kitu, mwenye saratani ya mlango wa kizazi. Mkoa wake sitautaja. Wagonjwa wa aina yake kwetu ni wengi, na tunajua sababu mojawapo. Utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023 ulionyesha kuwa mikoa inayoongoza kwa maambukizi ya VVU ni Njombe kwa asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6, na mwanamke mwenye VVU yuko katika hatari ya saratani hiyo mara sita ya asiye nayo. Chanjo ya wasichana ilianza nchi nzima mwaka 2018. Mama zao imewapita.

Mwalimu huyu alikuwa na bahati. Mofini alikuwa nayo, haikukatika. Binti yake alikuwa makini kuliko wauguzi wengine niliofanya nao kazi. Lakini uvimbe ulikuwa umekula ukuta wa kibofu, mkojo ukawa unapita usipotakiwa, usiku na mchana, pamoja na mengine. Tulikuwa tunasaga vidonge vya metronidazo na kunyunyiza kwenye kidonda ili kupunguza harufu, na chini ya kitanda tuliweka beseni la mkaa. Harufu ilipungua. Haikuisha. Wageni walikuwa wanaingia wakiwa wameshazipanga nyuso zao mlangoni, na yeye, aliyesimama mbele ya watoto miaka thelathini akisoma nyuso, alikuwa anaona kila kitu.

Siku moja asubuhi nilimkuta amekaa, amechana nywele, amevaa miwani. Akamtuma binti yake dukani. Akaniambia, "Dada, leo siumwi. Nimekuwa nikiisubiri siku nisiyoumwa ili nikuombe, usije ukasema maumivu ndiyo yanayozungumza."

Nikamwambia siwezi.

"Huwezi, au hutaki?"

Nikasema, "Siruhusiwi."

Akacheka. "Sikukuuliza hilo," akasema, kwa ile sauti ya mwalimu anayemrudishia mtoto daftari akarudie hesabu.

Aliishi siku kumi na tisa zaidi. Sikuwa na jibu siku hiyo, na mpaka leo hesabu yake sijaimaliza. Naweza kuwaeleza kwa nini baba mdogo aliomba kufa, na naweza kuwaonyesha chupa ambayo ingemjibu. Mwalimu nilikuwa nimeshampa kila nilichonacho, na bado aliomba, akiwa na akili zake zote na miwani yake machoni.

Kwa hiyo Waheshimiwa, niseme wazi msimamo wangu, nisije nikaonekana ninanyemelea. Naitaka sheria ya kumruhusu mgonjwa wa namna ya mwalimu yule asaidiwe na daktari kufa. Lakini naitaka ije ya pili. Ikija ya kwanza, kabla ya mofini kufika zahanati, itakuwa balaa, na mimi nitakuwa wa kwanza kuipinga, kwa sababu baba mdogo angeitumia. Angesaini usiku wa manane huku anagonga kitanda kwa pete, na tungesema ameamua mwenyewe. Yale maongezi na mwanawe wa Tunduma yasingekuwepo.

Najua mtaniambia sisi ni Waafrika, hayo ni mambo ya Ulaya. Ni kweli kwamba yameanzia huko. Uswisi haimwadhibu anayemsaidia mtu kujiua bila nia ya kujinufaisha, na ni sheria ya tangu 1942. Uholanzi ilianza kutumia sheria yake 2002. Huko Oregon, Marekani, tangu 1997 mgonjwa anayekadiriwa kubakiwa na miezi sita au pungufu, akithibitishwa na madaktari wawili, anaweza kuandikiwa dawa ambayo ataimeza kwa mkono wake mwenyewe. Jambo moja la Oregon lilinigusa: karibu theluthi moja ya wanaoandikiwa dawa hiyo hawainywi kamwe. Wanaiweka kabatini, wanakufa na ugonjwa wao. Inaelekea kujua kwamba mlango upo kuliwatosha. Mwalimu nadhani angekuwa katika theluthi hiyo. Nadhani, sijui, na hakuna aliyempa nafasi ya kutuonyesha. Na Juni 2025 wabunge wa Uingereza walipiga kura kuhusu muswada wao, 314 dhidi ya 291. Mjue kwamba hata kwa waliotutangulia jambo hili linawapasua katikati.

Lakini Afrika nayo imeshagongewa mlango. Mwaka 2015 wakili mmoja wa Afrika Kusini, Robert Stransham-Ford, mwenye saratani iliyokwishasambaa, alikwenda Mahakama Kuu ya Pretoria kuomba daktari aruhusiwe kumsaidia. Jaji akamkubalia. Alikuwa amefariki saa chache kabla ya uamuzi. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ikautengua, na moja ya sababu ni kwamba mwenye kesi alikwishakufa. Na jirani zetu wa Kenya, Januari 2025 Mahakama Kuu yao ilikitangaza kifungu kinachomwadhibu aliyejaribu kujiua kuwa kinyume cha Katiba. Kifungu chao na chetu cha 217 ni watoto wa baba mmoja, aliyetutawala sote.

Hicho cha 217 naomba mkifute hata kabla ya yote. Nimewahi kupokea wodini mzee mwenye saratani ya ini aliyejaribu kuikata safari. Tulikuwa hatujamaliza kumhudumia, anaulizwa fomu ya polisi, PF3. Siku ya pili askari akaletewa kiti, akaketi pembeni ya kitanda. Kijana wa watu, hakujua aangalie wapi. Kila ndugu akija kumwona mgonjwa ilimbidi ampite askari. Mzee aligeukia ukutani na hakugeuka tena hadi anafariki. Hakuna Mtanzania hata mmoja aliyelindwa na kiti kile.

Sasa woga wangu, maana sitaki mdhani siuoni.

Woga wa kwanza ni pesa. Familia zetu zinauza ng'ombe, zinauza shamba, zinakopa vikoba ili kumpeleka mgonjwa Dar es Salaam, kilometa zaidi ya 800, kwa mionzi. Nimemsikia baba akisema mbele ya wanawe, "Niacheni nife, msimalize ada ya watoto." Huyo haombi kufa, anaomba ada. Mkitunga sheria ambayo haiwezi kuwatofautisha mzee huyo na mwalimu wangu, msiitunge. Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023. Tiba shufaa iingie humo kikamilifu, dawa, vifaa na muuguzi wa kwenda nyumbani, ili mtu akisema amechoka tuwe na hakika hajachoka na bili.

Woga wa pili ni sisi wenyewe, ukoo. Kwetu mgonjwa wa muda mrefu haondoki peke yake, huondoka na jina la jirani. Shangazi atatajwa, mke mdogo atatajwa, na vikongwe wenye macho mekundu kwa moshi wa kuni wataogopa kupita njia ile. Weka juu ya hapo daktari aliyeruhusiwa kutoa dawa ya kufa, na kesho utasikia amehongwa na warithi. Kwa hiyo ndugu asiwe na sauti ya kuomba kwa niaba ya mgonjwa, hata mwana, hata mume. Aombe mwenyewe, kwa kinywa chake, zaidi ya mara moja, siku zikiwa zimepita katikati, na anayemsikiliza asiwe mtu wa ukoo wala mdai wake. Dawa aimeze kwa mkono wake. Asiyeweza kuomba asiombewe.

Woga wa tatu ni mlango unaoendelea kupanuka. Kanada walianza 2016 na wagonjwa ambao kifo chao kilikuwa kinaonekana karibu. Kufikia 2021 sharti hilo la ukaribu likaondolewa, na tangu hapo wanabishana kuhusu walemavu na maskini walioomba kufa kwa kukosa matunzo. Ndugu zetu wenye ulemavu wana haki ya kutuuliza mapema tunaelekea wapi. Mimi ninaelekea kwa mgonjwa anayekufa, basi. Liandikwe kwa wino usiofutika.

Na daktari au muuguzi ambaye dhamiri yake inakataa, asilazimishwe. Mimi mwenyewe sijui kama mkono wangu ungeweza. Kuitaka sheria ni jambo moja, kumkabidhi mtu kikombe ni jingine, na nitakuwa mwongo nikisema nimeshajipima.

Wachungaji watanijibu kwa Ayubu, kwamba Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Naujua mstari huo, nimeuimba makaburini tangu nikiwa mtoto. Lakini katika wodi nimeona ni nani hasa anayeamua siku ya mtu kufa. Inaamua oksijeni iliyokwisha. Inaamua damu isiyopatikana. Anaamua mwana wa kwanza anayesema hela imeisha, tumrudishe nyumbani. Katiba yetu, Ibara ya 14, inampa kila mtu haki ya kuishi na kupata kutoka katika jamii hifadhi ya maisha yake. Tunaikumbuka Ibara hiyo mgonjwa anapoomba kufa. Alipokuwa anaomba oksijeni ilikuwa imelala wapi?

Ninachowaomba basi ni hiki, kwa mpangilio huuhuu. Waziri wa Afya, hakikisha mofini ya kunywa haikosekani katika hospitali ya wilaya hata wiki moja, na waruhusu wauguzi na maofisa tabibu waliofunzwa waiandike, kama Uganda. Waziri wa Sheria, mlinde kwa maandishi anayetuliza maumivu kwa nia njema, na mwondoe askari pembeni ya kitanda. Hayo yakisimama, muda wa kutosha ukapita, watu wakazoea kwamba kufa bila kulia kunawezekana, Tume ya Kurekebisha Sheria ije kukusanya maoni kuhusu wale wachache watakaokuwa bado wanaomba.

Na mkija, ombi la mwisho. Msikutane na sisi kwenye ukumbi wa hoteli mjini Mbeya, na posho, na chupa za maji mezani. Watakaokuja huko ni wazima, nami nikiwemo. Wale ninaowazungumzia hawapandi gari. Njooni Tukuyu, nitawapeleka nyumba kwa nyumba; kwa sasa ninao wanne, na mmoja ameniambia yuko tayari kusema mbele ya yeyote, mradi isiwe kabla ya dawa yake ya saa nne asubuhi. Vaeni viatu vya matope. Kama mvua imenyesha, gari mtaliacha lami inapoishia, kilichobaki tunatembea, si mbali.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Muuguzi mstaafu,
Tukuyu, Rungwe,
Mkoa wa Mbeya